Siku ya mtakatifu wa bweni: Unga unapita kitanda cha nani?

Ukitaja shule za barabara hii utadhani unasoma litania. Anzia stejini Kamukuywa, pale matatu za Kitale na za Bungoma zinapong'ang'ania abiria. Ukielekea Kitale utapita Kiminini, kwa wasichana wa St Brigid's. Mjini Kitale kuna St Joseph's na St Anthony's, shule za wavulana ambazo wapenzi wa michezo hawahitaji kuelezwa. Ukirudi upande wa Webuye unakutana na St Cecilia, Misikhu. Ukikata kwenda Kimilili kuna St Luke's. Na ukifika Bungoma mjini kuna Cardinal Otunga Girls, yenye jina la mtu ambaye bado hajatangazwa mtakatifu lakini watu wa huku wanasubiri tu.

Hiyo ni nje ya geti. Ndani ya geti watakatifu wanazidi. Katika shule nyingi za Kikatoliki kila bweni limepewa jina: Lwanga, Kizito, Mukasa, Vincent, Martin, Theresa, Bakhita. Mono akiripoti na sanduku lake, kabla hajajua choo kiko wapi, tayari ameambiwa yeye ni wa Lwanga. Miaka ikipita, akiwa na kitambi na gari la mkopo, mkikutana harusini swali lake la pili litakuwa: we ulikuwa dom gani?

Na kila mwaka kuna siku moja ambapo jina hilo linashuka kutoka ukutani. Ni siku ya mtakatifu wa bweni. Kuna misa, kuna michezo, kuna chapati, na kuna unga na sabuni za kupelekea wasiojiweza. Mimi naipenda siku hiyo. Lakini kuna swali ambalo kila bweni linafaa kujiuliza kabla ya kubeba ule unga kutoka nje ya geti: unapita kitanda cha nani?

Somo ana maana tatu

Shuleni ukisema 'patroni' watu wanafikiria mwalimu anayesimamia klabu ya drama. Kanisani, mtakatifu ambaye parokia, shule au bweni limepewa jina lake anaitwa msimamizi. Kuna neno jingine, ambalo majirani zetu Wakatoliki wa Tanzania hawalichoki, nami naliona tamu zaidi: somo. Utawasikia wakisema leo ni sikukuu ya somo wa parokia yetu.

Kiswahili kimelibebesha neno hili mzigo. Somo ni mtu ambaye jina lenu ni moja. Huko Pwani, somo pia ni yule mama anayemfunda msichana anapokua. Halafu somo ni lile la darasani, la Hisabati au Kemia. Changanya maana zote tatu na utapata kazi ya mtakatifu wa bweni: mtu mnayeshiriki jina naye, ambaye maisha yake yanawafunda, na mwisho wa siku kuna kitu mmejifunza.

Mfumo wenyewe wa kugawa wanafunzi kwa nyumba ulitoka Uingereza, kwenye shule za bweni za huko, ambapo watoto waliishi chini ya mwalimu mmoja wa nyumba na kushindana na nyumba nyingine. Ulipofika kwetu ukapewa majina mapya. Wamisionari waliojenga shule za Kikatoliki wakaunyunyizia maji ya baraka, badala ya majina ya magavana wakaweka watakatifu.

Ila wazo la vijana waliofungwa pamoja na jina halikuhitaji meli kufika Bungoma. Wabukusu wana bakoki, yaani wale waliotahiriwa msimu mmoja, Agosti ya mwaka wa shufwa, ndani ya rika lenye jina linalorudi baada ya vizazi: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa. Bakoki wako hukuchagua. Lakini ukipatwa na shida ni wao wanaopaswa kufika. Bweni likifanya kazi yake vizuri linafanana na hilo. Umepangiwa kitanda kando ya mtu usiyemjua, na ghafla shida yake inakuhusu.

Siku yenyewe inavyokwenda

Kwa wale hawajawahi kulala bweni, siku ya somo huenda hivi. Wiki moja kabla, dom inasuguliwa hadi sakafu inalalamika. Wanaojua kuimba wanatengwa kwa mazoezi ya misa. Kepteni anazunguka na daftari akikusanya mchango. Siku ikifika kuna misa, padri anasimulia maisha ya mtakatifu, kuna mechi kati ya mabweni, kuna miti inapandwa, na jioni kuna kitu ambacho si githeri. Usicheke. Kwa mwanafunzi wa bweni chapati mbili na soda ni tukio la kihistoria.

Katikati ya hayo yote kuna matendo ya huruma. Bweni linakusanya unga, sukari, sabuni, sodo, nguo kuukuu, kisha basi la shule linabeba wanafunzi hadi makao ya watoto au nyumbani kwa wazee. Wanafagia, wanafua, wanaimba, wanacheza na watoto, wanapiga picha, wanarudi.

Hapo ndipo watu wengi hujifunza kwa mara ya kwanza kwamba mikono yao inaweza kumfaa mtu asiye ndugu yao. Kijana wa miaka 16 aliyemfulia ajuza blanketi hatasahau uzito wa blanketi hilo likiwa limelowa. Kutoa ni moyo, na moyo nao hufunzwa. Kwa hivyo wanaosema siku hizi ni porojo za kupoteza muda wa masomo, hapana, sikubaliani nao hata kidogo.

Shida inaanzia kwenye lile daftari la mchango.

Daftari la kepteni

Niliwahi kulala katika bweni lenye jina la mtakatifu, shule ambayo sitaitaja. Mwaka mmoja daftari la mchango lilibandikwa mlangoni. Kila aliyetoa jina lake liliwekwa alama. Jamaa aliyelala kitanda cha chini yangu hakuwa na alama. Kila mtu akiingia kulala alisoma mlango ule, na yeye pia alikuwa akiingia kupitia mlango ule ule.

Jumamosi basi liliondoka na waliochanga tu. Yeye akabaki. Huyu ni mtu ambaye muhula mzima alikuwa akifua shati lake kwa vipande vya sabuni tulivyoacha kwenye sinki. Tulipakia katoni ya sabuni za miche tukaipeleka kilomita kadhaa kuitafuta shida, na shida ilikuwa imelala kitanda cha chini. Wiki mbili baadaye alitumwa nyumbani kwa sababu ya karo.

Sisemi hivi kumlaumu kepteni wetu. Alikuwa mtoto kama sisi, na alifanya alivyokuta. Nasema kwa sababu najua kesi hiyo si ya dom moja. Uliza yeyote aliyesoma bweni kama anamkumbuka yule ambaye hakuwa na mchango. Kila dom ilikuwa na mmoja. Nami chuo kilipokuja kunishinda baadaye kwa sababu ya pesa, nilielewa vizuri zaidi ile hali ya kusimama karibu na basi ambalo huwezi kupanda.

Upande wa wasichana mambo ni yale yale, tena yana uchungu zaidi. Tangu 2017 sheria inaitaka serikali iwape wasichana wa shule za umma sodo za bure, lakini usambazaji umekuwa wa kusuasua. Sasa fikiria bweni linalokusanya sodo za kupeleka nje, na ndani ya bweni kuna msichana anayekunja kitambaa kwa siri. Atainua mkono aseme zibakishwe mbili? Hawezi. Siku ya somo imemfanya ashindwe hata kuomba.

Na hao tunaowatembelea?

Kuna jambo jingine ambalo mabweni mengi hayajalipata. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilizindua mkakati wa miaka kumi, hadi 2032, wa kubadilisha malezi ya watoto. Lengo lake ni watoto watoke kwenye makao walelewe katika familia na jamii. Sababu ni kwamba wengi wa watoto wanaoishi kwenye makao hayo, hapa kwetu na katika nchi nyingine, si mayatima kabisa. Wana mzazi mmoja, au nyanya, au shangazi aliye hai. Kilichowapeleka pale mara nyingi ni umaskini.

Hiyo haimaanishi kwamba watoto walioko huko wasitembelewe. Wapo, na wanakula. Lakini inabadilisha hesabu. Yule nyanya anayelea wajukuu watatu huko juu barabara ya Kaptama, ambaye hana bango wala geti la kupigia picha, ndiye anayezuia watoto watatu wasiingie makao. Mfuko wa unga ukifika kwake umefanya kazi mara tatu. Tatizo ni kwamba kwake hakuna pa kuegesha basi.

Halafu kuna suala la picha. Injili yenyewe inamwonya mtu anayetoa sadaka asipige tarumbeta barabarani, na sisi siku hizi tarumbeta tunazo mifukoni. Mtoto aliyepigwa picha akipokea sabuni mwaka huu atakuwa kijana wa miaka 20 siku moja, na picha itakuwa bado iko mtandaoni. Swali rahisi la kujiuliza: ungependa picha ya namna hiyo ya mdogo wako iwe kwenye simu za watu usiowajua?

Waulizeni watakatifu wenyewe

Kinachoshangaza ni kwamba masomo wenyewe, ukifuatilia maisha yao, hawakufanya hisani ya basi. Hisani yao ilianzia chumbani.

Chukua Karoli Lwanga, jina ambalo labda ndilo maarufu zaidi katika mabweni ya wavulana Afrika Mashariki. Tunakumbuka moto wa Namugongo, tarehe 3 Juni 1886. Tunasahau kazi aliyokuwa nayo kabla ya moto. Lwanga alikuwa kiongozi wa vijana waliohudumu katika jumba la Kabaka Mwanga. Kwa lugha yetu, alikuwa kepteni wa bweni. Aliyemtangulia kuwaongoza vijana wale Wakristo, Joseph Mukasa Balikuddembe, aliuawa 15 Novemba 1885 baada ya kumkemea Kabaka, na siku hiyo hiyo Lwanga akabatizwa. Tangu hapo kazi yake kubwa ilikuwa kuwakinga wadogo dhidi ya tamaa za Kabaka. Mdogo kuliko wote, Kizito, alikuwa na miaka kama 14. Usiku wa mwisho pale Munyonyo, Lwanga aliwabatiza wale ambao hawakuwa wamebatizwa, Kizito akiwemo. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu 22 wa kundi hilo.

Kwa hivyo ukiwa kepteni wa Lwanga na kuna mono ananyanyaswa na wakubwa usiku, anafuliwa kofi au kunyang'anywa shopping, wewe siku ya 3 Juni unasherehekea nini hasa? Mtakatifu wako alikufa akilinda mono.

Au chukua Martin de Porres, wa Lima nchini Peru, aliyezaliwa 1579 na mama mwenye asili ya Afrika. Simulizi moja inasema alimkuta ombaomba mgonjwa, akampeleka akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, hadi mwenzake wa nyumba ya watawa akamkemea kwamba atachafua shuka. Kitanda chake mwenyewe, jamani.

Brigid wa Ireland, somo wa wasichana wengi, simulizi za kale zinasema aligawa upanga wa thamani wa baba yake kwa maskini, na mzee akawaka. Anthony wa Padua hadi leo anakumbukwa kwa desturi ya mkate wa maskini, ambapo waumini huacha mkate au pesa ya mkate bila kujua utaliwa na nani.

Na kama unadhani watakatifu ni watu wa zamani wenye ndevu, sikia hii. Aprili 1833 mjini Paris, mwanafunzi wa sheria aitwaye Frédéric Ozanam aliulizwa na wapinzani wake wa mdahalo: ninyi Wakatoliki mnaojisifu, siku hizi mnafanya nini? Alikuwa na miaka 20. Hakujibu kwa thredi ndefu. Yeye na wenzake wachache walianza kwa kubeba kuni kupelekea jirani maskini. Mtawa mmoja, Rosalie Rendu, akawafundisha namna ya kutembelea familia nyumba kwa nyumba, kukaa nao, kusikiliza, na kurudi tena wiki inayofuata. Kundi lile walilipa jina la Vincent wa Paulo, na leo liko duniani kote, Kenya ikiwemo. Tazama mbinu yao: kuni, jirani, na kurudi tena. Hakuna basi.

Kalenda ya watakatifu na kalenda ya mahindi

Sasa tuje kwenye mambo ya kufanya. Tatizo la kwanza la siku ya somo ni tarehe. Somo wa wanamuziki, Cecilia, ni 22 Novemba, wakati shule zimefungwa au ni kimya cha mtihani. Martin ni 3 Novemba, Kidato cha Nne wako ndani ya KCSE. Mabweni yenye masomo wa mwisho wa mwaka huishia kusogeza sherehe au kuiruka.

Lakini mtu wa Kamukuywa akiiangalia kalenda hiyo ataona kitu ambacho mtu wa Nairobi hatakiona. Tarehe 1 Februari, siku ya Brigid, na tarehe 8, siku ya Bakhita, ni kiangazi, mashamba yanatayarishwa. Tarehe 19 Machi, siku ya Yosefu, mvua ya masika inanukia na watu wanajiandaa kupanda. Tarehe 3 Juni ya Lwanga na 13 Juni ya Anthony ni msimu wa palizi. Tarehe 27 Septemba, siku ya Vincent, mahindi yanakauka. Tarehe 18 Oktoba, siku ya Luka, mavuno yameanza.

Yaani watakatifu wamepangwa kama mkulima wa Trans Nzoia. Kila bweni lina siku yake, na kila siku ina kazi yake shambani. Mjane ambaye hana wa kumsaidia palizi wiki ya kwanza ya Juni atavuna kidogo Novemba, na Aprili inayofuata atakuwa anaomba unga. Vijana 40 wenye majembe wakiingia kwenye robo ekari yake asubuhi moja wanamaliza kabla ya chai. Hawajachanga hata shilingi. Na yule asiye na mchango wa pesa, ambaye pengine nyumbani analima kuliko wote, siku hiyo ndiye anayewaonyesha wengine jembe linashikwa vipi. Daftari limegeuka.

Ukitaka mpango, Wakatoliki wanao tayari. Vijana wa YCS, chama cha wanafunzi Wakristo ambacho shule nyingi za huku zinacho, hufuata hatua tatu zilizotokana na padri Mbelgiji Joseph Cardijn: ona, amua, tenda. Mabweni mengi huanza na tenda. Jaribuni kuanza na ona.

Ona ndani kwanza. Wiki mbili kabla ya siku ya somo, wekeni sanduku lenye kufuli mahali ambapo mtu anaweza kupita peke yake. Anayehitaji sabuni, sodo, soksi au daftari aandike namba ya kitanda bila jina. Matroni au mwalimu wa bweni afungue, na vitu vifike kimyakimya. Kinachobaki ndicho kitoke nje ya geti.

Ona nje bila basi. Muulizeni chifu, katekista, mhudumu wa afya wa kijijini au mama anayewauzia mboga shuleni: ni nani hapa karibu ana mzigo na hana mtu? Chagueni nyumba moja au mbili za kutembea kwa miguu. Nyumba ya kutembea kwa miguu mtarudi. Nyumba ya basi mtarudi mwaka ujao, mkikumbuka.

Kisha daftari la mchango lifutwe. Kama lazima pesa zikusanywe, zipite kwenye kopo lililofungwa, na basi, kama lazima liwepo, lipandwe na yeyote.

Somo jipya darasani

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya dini, mimi si Mkatoliki. Sawa. Lakini shule za Kikatoliki za huku zimejaa wasio Wakatoliki. Hii ni nchi ya Wakwakeri, wenye shule zao maarufu za Lugulu na Kamusinga. Ni nchi ya Elijah Masinde wa Maeni na Dini ya Msambwa. Kuna Waislamu, kuna Wapentekoste. Wote hao wanalala Lwanga na Theresa. Misa si ya kila mtu, na haifai kulazimishwa. Jembe na kopo la sabuni ni vya kila mtu. Sehemu ya siku ya somo ambayo bweni zima linaweza kushiriki bila mtu kukana imani yake ni hiyo ya kumfaa jirani.

Tena sasa serikali yenyewe imeingia. Katika mtaala wa umilisi, huduma kwa jamii imewekwa kati ya masomo ya lazima ya sekondari pevu, kuanzia Gredi ya 10. Mambo ambayo bweni lilikuwa likifanya mara moja kwa mwaka kwa ajili ya mtakatifu yatakuwa yakifanywa kwa ajili ya alama. Naona baraka hapo, na naona hatari. Baraka ni kwamba mwalimu hawezi tena kusema mnapoteza wakati. Hatari ni kwamba tutapata kizazi kinachomtembelea ajuza kikiwa na fomu ya kujaza, na ajuza akishasaini hakuna anayerudi. Mabweni yenye somo yana kitu ambacho fomu haina: jina la mtu wa kumuiga.

Na wa huku tunaye wa karibu. Maurice Otunga alizaliwa Chebukwa, Bungoma, mwaka 1923, mwana wa chifu mkubwa Sudi Namachanja. Angeweza kurithi kiti na ng'ombe. Akachagua upadri, akapata daraja hilo Roma 1950, na mwaka 1973 akawa Mkenya wa kwanza kuwa kadinali. Alipostaafu uaskofu mkuu wa Nairobi 1997, hakujijengea kasri kijijini. Alihamia Nyumba ya Wazee, makao ya wazee maskini yanayoendeshwa na watawa jijini Nairobi, akaishi nao. Alifariki Septemba 2003, na mchakato wa kumtangaza mtakatifu bado unaendelea.

Wengi huwatembelea wazee na zawadi. Otunga alichukua chumba kati yao.

Sisi tuliomaliza nasi tusijifanye watazamaji. Kila dom ina grupu ya WhatsApp ya wakongwe, inayoamka tu wakati wa harusi, msiba na uchaguzi. Mwezi ambao somo wa bweni lenu anaadhimishwa, pigeni simu shuleni, mwulize mwalimu wa bweni swali moja tu: ni nani ametumwa nyumbani kwa sababu ya karo mwaka huu? Mtapewa jina, na labda kiasi ambacho watu 50 wakigawana ni bei ya nyama choma ya Jumapili moja.

Na wewe ambaye bado unalala huko, siku ya somo wenu ikikaribia, usianze na daftari. Usiku taa zikiwa hazijazimwa, tembea polepole kutoka mlangoni hadi kitanda cha mwisho, utazame ndoo zilizo chini ya vitanda. Ile isiyo na sabuni ndiyo sherehe inapoanzia.